Besi Iliyokataa Rangi

Dayton, Ohio
3 Juni 1984

Mpwa wangu Renita,

Anayeandika ni mjomba wako Otha Gaines, yule yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli na kutema mate mbali kuliko wavulana wote wa mtaa wetu. Natumaini Wajerumani wanakulisha. Huku kwetu hakuna baya. Nyanya zangu mwaka huu zimezaa kwa fujo. Moja niliiweka juu ya mizani ya gereji ya Lonzo, mizani ikakata tamaa. Lonzo mwenyewe bado hajaoa na bado ananuka tina ya rangi. Kiwanda cha friji kimefungwa moja kwa moja, minyororo langoni, lakini unanijua, mimi si mtu wa kukaa barazani nikalia. Namsaidia Lonzo kupulizia magari rangi. Juzi nimepulizia gari la mchungaji, likang'aa mpaka ndege wakawa wanaligonga wakidhani ni mbingu.

Mama yako anakusalimu. Yuko kwangu tangu wiki ya Pasaka. Aliteleza jikoni kwake, jambo dogo, nikasema ya nini akae peke yake na mimi chumba ninacho. Ulimi umekuwa mzito kidogo na mkono wa kulia unafanya uvivu, basi. Yatapita. Dada yangu Verdell si mwanamke wa kushindwa na sakafu.

Sasa sikia habari yenyewe, na ukae chini kwanza. Nimeipata besi yake.

Ndiyo, ile ile! Gitaa la besi la mwaka sitini na mbili, alilolipiga kanisani kwa babu yako miaka yote ile, ndilo hilo alilompa yule mwanamume wa kituo cha mafuta bila kukuambia, nawe ukaenda kujiandikisha jeshini wiki hiyo hiyo. Jumamosi nilikuwa Xenia, mjane mmoja ametandaza uani vitu vya marehemu mumewe anaviuza. Ilikuwa imelala chini ya meza, kati ya pasi na mabuti ya kuvulia samaki. Mtu asiye na akili ameipaka rangi ya kahawia, ile ya milango, tena kwa brashi. Shingo imepinda, vitufe viwili havipo, nyaya za ndani zimeliwa na kutu. Nikamuuliza, "Mama, hiki nacho ni kitu gani?" Akasema, "Sijui, mume wangu alikiacha. Labda ni kasia." Nikampa dola arobaini nikaondoka taratibu, ingawa miguu ilitaka kukimbia nikaikataza.

Nitaifufua, Renita. Nitaitoa hiyo rangi ya milango, nitanyoosha shingo, nitalehemu nyaya, nitaipulizia rangi ambayo malaika wataiomba kwa ajili ya milango yao. Na kwenye Mkesha wa Mwaka Mpya mama yako ataipiga mbele ya kanisa zima. Mkono utaamka wenyewe ukiiona. Daktari anasema mengi, lakini daktari hajui besi.

Mjomba wako, fundi wa mafundi,
Otha


Ujerumani Magharibi
1 Julai 1984

Mjomba,

Salamu nyingi kwako na kwa Lonzo. Mimi mzima. Huku mvua haijaambiwa kwamba ni Julai. Wamenipandisha cheo kidogo, lakini kazi ni ile ile, niko chini ya malori mchana kutwa, grisi imeingia kwenye kucha na haitoki hata kwa mafuta ya taa.

Mjomba, kila besi uliyowahi kuiona ilikuwa ya Mama. Kuna ile ya Toledo. Kuna ile uliyoiona kwenye televisheni ukataka kumpigia simu mtangazaji. Kama hii imepakwa rangi ya milango, umeitambuaje?

Nikipiga simu unaniambia amelala. Nikipiga saa nyingine, amelala. Mama hajawahi kulala mchana maisha yake yote. Alikuwa akisema usingizi wa mchana ni wa paka na mashemasi. Anaongea au haongei? Mwekee kile kinasa sauti chako cha kaseti, aseme neno lolote, hata kunigombeza, halafu nitumie utepe.

Na besi hiyo, iwe ya nani, ukizitoa nyuzi usizitupe. Mama hakubadilisha uzi hata mmoja tangu nizaliwe. Alikuwa akisema uzi mpya unapiga kelele, uzi mzee unazungumza.

Mpwa wako,
Renita


Dayton
22 Julai 1984

Mpwa wangu,

Barua yako imefika imelowa. Nadhani mtu wa posta alilia alipoisoma. Hongera ya cheo. Nimewatangazia watu wote kwa kinyozi kwamba sasa majenerali wanakusalimu kwanza. Huku tumemzika mbwa wa Lonzo kwa heshima zote. Nilihubiri mimi. Mbwa wengine walitubu.

Mama yako anakula vizuri. Jana amemaliza kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, akataka mwingine. Kaseti ningekutumia leo hii ila kinasa sauti kimemeza utepe, nitakipeleka kwa fundi. Na ni kweli siku hizi analala mchana. Mtu akifika umri anajipa raha.

Unauliza nimeitambuaje besi. Nimeitambua kama ninavyoutambua mguu wangu gizani. Lonzo naye ameniletea ubishi huo huo.

"Otha, besi ni nyingi kama nzi. Hii yaweza kuwa ya mtu yeyote."

"Lonzo, wewe hata mama yako ulimjua kwa sababu ndiye aliyekuwa amekushika."

"Na wewe watu wanakujua kwa mbali, ndiyo maana wanavuka barabara."

Basi tumechubua ile rangi ya kahawia kwa dawa. Chini yake ikatokea rangi ya zamani, manjano katikati na nyeusi pembeni, imepasuka pasuka kama tope la kiangazi. Lonzo akanishika mkono. "Hiyo iache. Hiyo ndiyo besi yenyewe." Nikamwambia mimi simpi dada yangu kitu chenye nyufa. Nikaishusha yote kwa msasa mpaka mti mtupu. Mgongoni kulikuwa na doa jeusi limeingia ndani ya mti, jasho la watu hilo, nikalisugua mpaka bega likafa ganzi, likafifia. Shingo nayo nimeibana, nakaza kile chuma kinachopita ndani yake kidogo kidogo kila asubuhi. Imeanza kunyooka kama mlevi aliyemwona mchungaji.

Nyuzi zilikuwa nyeusi, zina utando wa mafuta ya vidole, zimekufa kabisa, ukizigusa zinasema "dum" kama mtu anayepiga godoro. Barua yako ilifika baada ya gari la takataka. Mpya ninazo, zinang'aa kama meno ya mgombea ubunge.

Na mimi nikuulize. Umemsamehe mama yako? Hajanituma. Nauliza tu.

Otha


Ujerumani Magharibi
18 Agosti 1984

Mjomba,

Nimechelewa kujibu, tulikuwa porini kwenye mazoezi. Pole kwa mbwa wa Lonzo. Nimekula nyama ya kopo mpaka ninaota zile mboga za majani Mama alizokuwa akichemsha na mfupa wa nguruwe, jiko zima limejaa mvuke na yeye anaimba na kijiko mkononi.

Nyuzi zimekwenda, basi. Labda hazikuwa zake.

Sikiliza jambo moja, na nakuomba usilichanganye na mengine. Nimeomba ruhusa ya dharura nije kumwona Mama. Hapa hawakubali neno la askari peke yake. Mtu kutoka ofisi ya ustawi wa askari atampigia simu ndugu na kumuuliza mgonjwa ana hali gani. Nimeandika jina lako, kwa sababu sina mwingine. Atakuuliza anaongea? Anatembea? Daktari amesema nini? Mjibu kilichopo. Usimtanie, Mjomba. Usimsimulie kitu. Ukisema hali ni mbaya, wiki hiyo hiyo nitakuwa mlangoni kwako.

Usimwambie Mama kwamba naja. Nataka tu niingie.

Renita


Dayton
9 Septemba 1984

Mpwa wangu,

Salamu kutoka nchi ya mahindi. Mvua imenyesha, mto umejaa, nimeona kambare anavuka barabara kwenye taa nyekundu bila wasiwasi. Lonzo amepata mchumba, mchumba amemwona Lonzo mchana, sasa hana mchumba.

Yule mama wa ofisi yenu amepiga simu Jumanne. Sauti kavu, kama anayesoma majina ya waliofeli. Simu yangu iko jikoni, unajua, na mama yako alikuwa amekaa pale pale karibu na dirisha, ananitazama.

"Bwana Gaines, ni kweli kwamba dada yako ni mahututi?"

Mahututi! Na yeye anasikia. Masikio yake hayana kasoro, Renita, hayo nakuhakikishia.

Nikasema, "Mama, nani kakudanganya? Dada yangu amekula kambare wawili asubuhi hii na sasa hivi ananicheka."

"Anaweza kuzungumza?"

"Kumnyamazisha ndiyo kazi."

"Anatembea?"

"Juzi kanishinda mbio mpaka kwenye sanduku la barua."

"Kwa hiyo hakuna dharura."

"Dharura ni nyanya zangu zinazoungua kwenye sufuria. Kwaheri, mama."

Usinikasirikie. Sisi akina Gaines hatuombi huruma ya serikali kwa simu. Na ulitaka niseme nini, yeye amekaa pale? Niutaje ugonjwa wake mbele yake kama anayesoma bei ya nyama? Nilipoweka simu chini nikageuka, macho yake yalikuwa bado kwangu. Sikujua yananiambia nini. Nikamletea chai.

Tena ukija sasa utakuta nini? Besi iko vipande vipande. Shingo kwenye kabati, mwili unaning'inia gerejini, sumaku yake inayonasa mlio wa nyuzi nimeilehemu na imelia: niligonga kwa bisibisi, spika ya Lonzo ikakohoa. Njoo Desemba. Njoo kwenye Mkesha, utakuta rangi imekauka na mama yako amekaa mbele na besi yake mapajani. Hiyo ndiyo ya kuvukia bahari.

Otha


Ujerumani Magharibi
30 Septemba 1984

Mjomba,

Ruhusa imekataliwa. Kapteni alinisomea ripoti: familia inasema mgonjwa ana afya njema na anakimbia. Akaniuliza kama natafuta likizo ya bure.

Nilisimama pale nisijue nikasirike au nifurahi. Halafu nikafurahi. Nilijiambia, Mjomba wangu anaweza kumdanganya kila mtu, lakini jambo hili hawezi. Kama amesema anacheka, basi anacheka, na mimi nilikuwa naogopa bure. Nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Nimeomba likizo yangu ya kawaida. Nitaondoka hapa tarehe ishirini Desemba. Sasa unaweza kumwambia. Mwambie nitambebea besi mpaka kanisani kama nilipokuwa mdogo. Unakumbuka? Mimi ndiye niliyekuwa naishika, mgongo juu, Babu akiipaka mafuta ya zeituni kila Mkesha, kwa sababu wazee walisema besi ya umeme ni chombo cha shetani na Babu akasema basi tutaipaka mafuta mpaka shetani ateleze. Alichora msalaba kwa kidole gumba pale ambapo vifungo vya gauni la Mama vilikuwa vimekwangua rangi. Na wewe wakati huo uko nje kwenye ngazi unawapigia watu hadithi.

Renita


Dayton
20 Oktoba 1984

Renita,

Leo sina salamu ndefu.

Jumatatu nilipulizia besi rangi. Nyekundu iliyoiva, kama cheri. Mbele ikakaa kama kioo. Nikaigeuza nikapulizia mgongo, nikarudi nyuma kuitazama, na rangi ikaanza kukimbia. Sikunywa kitu, muulize Lonzo. Rangi ilifunguka vitundu vidogo vidogo kama macho ya samaki, ikajivuta pembeni, ikaacha mti uchi katikati.

Lonzo akasema, "Mti una mafuta, Otha."

"Mafuta ya nini? Nimeusugua."

"Mafuta ya zamani. Yameingia ndani. Rangi haishiki juu ya mafuta hata umwite rais."

Tukaosha kwa tina, tukasubiri, nikapulizia tena. Ikafunguka tena, pale pale. Mara ya tatu Lonzo akavua kofia. Maana sasa vile vitundu vilikuwa vimeungana, na mahali rangi ilipokataa kushika palikuwa msalaba. Msalaba, Renita. Mkubwa kama kiganja changu. Mguu wake haukunyooka, unakwenda upande kama mtu anayechechemea, lakini ni msalaba.

Ni yake. Nilikuambia ni yake na mimi sikujua. Nilisema tu, kama ninavyosema. Nilitaka besi yoyote, nimwambie ni ile, aamini, ainuke. Sasa ni yenyewe, na nyuzi zake nimezitupa, na ile rangi aliyoizeesha kwa mkono wake nimeigeuza vumbi nikalifagia.

Sasa jingine. Tangu Aprili mama yako hajasema neno hata moja. Hatembei. Yule kambare nilimla mimi. Wiki hii ameanza kukataa kumeza, namlowanishia midomo kwa kitambaa. Daktari amesema tuwaite walio wake, wamuage.

Njoo. Usingoje Desemba. Nimepiga simu kambini kwenu, kijana akasema subiri, nikasubiri mpaka ikakatika. Nimeipigia ile ofisi, yule mama akaniambia, "Bwana Gaines, si ni wewe uliyesema anakimbia?"

Naapa kwa kaburi la baba yangu. Njoo.

Otha


Ujerumani Magharibi
8 Novemba 1984

Mjomba,

Salamu. Barua yako imefika nikiwa na wenzangu bwenini, na kwa kuwa nimezoea kuwasomea barua zako, nikaisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye msalaba unaochechemea walicheka mpaka mmoja akaanguka kitandani. Nami nikacheka. Nilipofika kwa Mama niliacha kusoma.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekukumbusha mafuta ya Babu Septemba. Oktoba unanirudishia msalaba. Mjomba, ungesubiri hata miezi miwili.

Septemba anakushinda mbio, Oktoba hamezi. Kipi nichukue? Uliapa kwa kaburi la baba yako siku ile ya kambare aliyemeza baiskeli, na mimi nilikuwa na miaka tisa, nikakesha mtoni nikisubiri aitapike. Nadhani umeiharibu besi, umebaki peke yako nayo, na unataka mtu aje akufariji. Sikukatai. Lakini siwezi kwenda tena kwa kapteni na barua hii mkononi. Atanifukuza.

Tarehe ishirini Desemba. Nimeshakata tiketi. Mbusu Mama, mwambie maneno mengine nitayasema nikifika.

Renita


TELEGRAMU. DAYTON, 11 NOVEMBA 1984. VERDELL AMEFARIKI ALFAJIRI. HII SI HADITHI. OTHA.


Dayton
9 Desemba 1984

Mpwa wangu,

Natumaini ulifika salama. Theluji imeanguka hapa, si nyingi. Barua yako ya Novemba imefika wewe ukiwa umeshaondoka. Nimeisoma. Ulikuwa na haki.

Mazishini uliniambia maneno matatu, "Mjomba, shika mwavuli." Nikaushika. Ulilala hotelini, sikukuuliza. Watu walijaa kwangu na sahani za kuku na pai za viazi vitamu, kila mmoja ananitazama anasubiri niseme kitu cha kuwachekesha, kama ninavyofanya kwenye misiba yao. Sikuwa nacho. Kuna jambo nilitaka kukuambia ulipokuwa hapa. Nilikufuata mpaka kwenye gari, ukafunga mlango.

Wiki moja kabla mama yako hajaenda, nilimpelekea besi. Bila rangi mgongoni, niliiacha hivyo. Nilifunga nyuzi mpya, nikaburuta spika ya Lonzo mpaka chumbani, nikawasha. Nikamwinua kwenye mito nikamlazia besi mapajani. Nilidhani hatajua ni nini.

Kwanza alipapasa nyuzi. Zile mpya. Akaondoa mkono, kama mtu aliyegusa uso wa mgeni gizani. Halafu akauteleza mkono kwa nyuma, akaukuta ule mti mtupu, kiganja chake kikakaa pale muda mrefu. Akafumba macho.

Halafu mkono wa kushoto ukapanda shingoni mwa besi wenyewe, na vidole vikaanza kutembea. Ulikuwa wimbo, Renita. Najua ulikuwa wimbo kwa sababu palikuwa na mahali vinasimama, kama kanisa linaposimama kumngoja mchungaji avute pumzi, halafu vinaingia tena. Vilibana pale vinapotakiwa kubana, vikaachia pale vinapotakiwa kuachia. Lakini hakuna sauti. Mkono wa kulia, ule wa kuvuta nyuzi, ulikuwa umelala juu ya shuka kama glavu ya mtu aliyeondoka.

Nikasema nitavuta mimi. Mimi Otha, niliyewaambia watu wa Dayton nzima kwamba ndiye niliyemfundisha. Nikavuta uzi, sio wenyewe. Nikavuta mwingine, ukalia kama kijiko kilichoanguka kwenye sinia. Akasimamisha vidole akaningoja. Aliningoja. Nikavuta tena, vibaya tena. Sikuwahi kujifunza hata wimbo mmoja, nilikuwa nje kwenye ngazi.

Akageuza macho akatazama mlangoni. Hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni, akatazama mkono wake wa kulia, akatazama mlangoni. Nilipoona hajageuka nikaenda kuufungua, nikatazama barabara, nikarudi. Nikamwambia hujafika. Kisha akaendelea bila mimi, kimya kimya, mpaka wimbo ukaisha.

Nilizima spika.

Sasa besi imening'inia gerejini kwa Lonzo. Siipaki tena. Kwa kinyozi jana wameniambia, "Otha, mbona umenyamaza, tupe moja." Nikawaambia sina. Wakacheka, wakadhani ndiyo yenyewe inaanza.

Otha


Ujerumani Magharibi
6 Januari 1985

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Lonzo. Mimi mzima. Huku ni baridi, malori hayawaki asubuhi mpaka tuyabembeleze.

Kuna jambo hujaambiwa. Asubuhi ya kuondoka, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, nilipita gerejini. Lonzo alinifungulia, akatoka nje akaniacha. Niliishusha besi nikaigeuza mgongo juu, kama nilivyokuwa nikiishika nikiwa mdogo.

Kidole gumba cha Babu kilikatwa ncha na mashine kiwandani kabla sijazaliwa. Alipokuwa akiuvuta msalaba kwenda chini, kidole kilikuwa kinateleza upande wa kushoto, kila mwaka, pale pale. Mguu wa ule msalaba haukuwahi kunyooka. Hilo alilijua Babu, alilijua Mama, na nililijua mimi niliyekuwa nimeishika. Katika barua yangu ya Septemba sikukuandikia. Wewe ulikuwa kwenye ngazi.

Ulichoniandikia Oktoba kilikuwa kweli, na alama yake ulikuwa umeniwekea humo humo. Niliisoma. Niliisoma kwa sauti, na ni pale hasa tulipocheka zaidi.

Julai uliniuliza kama nimemsamehe, nikapita kama sijaona. Nilikuwa nimepanga kumjibu Mama mwenyewe.

Besi usiiuze, usinitumie. Mwambie Lonzo aifunike.

Mkono wa kulia aliokuwa akiungoja mlangoni ulikuwa huku, Mjomba. Ndio huu unaoandika.

Renita